Sabuni Huyeyuka Kiasi Gani Majini? Swali Dogo Lenye Dhamana Kubwa

Katika kila nyumba ya mjini, hata ile isiyokuwa na kabati wala redio, sabuni haikosekani. Ipo ya mche kando ya karai la kufulia, ipo ya unga kwenye kopo, ipo ya maji jikoni, na ipo ile ya kunukia ambayo mwenye nyumba huificha mpaka wageni wafike. Kiwandani nako mfanyakazi hawezi kurudi kwa wanawe bila kwanza kuondoa grisi mikononi. Tumeizoea sabuni kiasi kwamba hatuiulizi maswali. Tunaitia majini, tunaikoroga, povu linapanda, uchafu unatoka, maji tunayamwaga, na habari inaishia hapo.

Lakini wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla kemikali mpya ya sabuni haijaruhusiwa kuingia madukani katika nchi nyingi, kuna watu waliovaa makoti meupe ambao hukaa nayo maabara kwa siku nyingi wakiihoji. Moja kati ya maswali yao ya kwanza lasikika jepesi mno: kemikali hii huyeyuka kiasi gani katika maji? Jibu lake huandikwa kwa tarakimu chache tu. Hata hivyo juu ya tarakimu hizo hujengwa hesabu za usalama wa samaki, wa mito, na wa maji tunayokunywa. Tarakimu ikiwa ya uongo, nyumba yote iliyojengwa juu yake imesimama mchangani.

Shabaha ya makala haya, ndugu msomaji, ni kueleza kwa nini swali hilo, ambalo kwa chumvi au sukari lina jibu rahisi, kwa sabuni ni gumu, na kwa nini macho yetu hayafai kuwa shahidi katika shauri hili.

KICHWA NA MKIA

Wakemia wana jina lao kwa kemikali za jamii ya sabuni: huziita safaktanti. Sisi tutaziita kemikali za sabuni, tukikumbuka kwamba zimo pia katika dawa za meno, rangi za kuta, dawa za kunyunyizia mimea na mapovu ya kuzimia moto.

Molekuli ya kemikali ya namna hii, yaani chembe yake ndogo kabisa, ina sehemu mbili zenye tabia zinazopingana. Ina kichwa kinachopenda maji, na ina mkia mrefu unaoyakimbia maji na kupenda mafuta. Ni kama watu wawili waliofungwa kwa kamba moja, mmoja ataka kuogelea na mwenziwe ataka kukaa pwani. Mvutano huo ndio siri ya kazi ya sabuni. Mkia hujichomeka katika grisi iliyoganda kwenye nguo, kichwa hubaki majini, na grisi hung'olewa ikaondoka na maji.

Ikitiwa majini kidogo kidogo, molekuli hizo hukimbilia kwanza juu, kwenye uso wa maji. Huko hupata raha ya pande zote mbili: kichwa huzama majini na mkia huelekea hewani. Zikifanya hivyo hulegeza ule mvuto ambao hufanya uso wa maji uwe kama ngozi nyembamba iliyotandazwa. Wataalamu huuita mvutano wa uso.

Mzazi aweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Chukua bakuli safi la maji yaliyotulia. Weka juu yake kipande cha karatasi ya shashi, na juu ya karatasi laza sindano nyembamba ya kushonea iliyo kavu. Karatasi italowa na kuzama, na sindano itabaki inaelea ingawa ni ya chuma. Sasa chovya ncha ya kijiti katika sabuni ya maji na uguse maji ukingoni mwa bakuli. Sindano itazama mara moja. Hakuna kilichoongezeka uzito. Ila ngozi ya maji imelegea.

BINTI WA BRAUNSCHWEIG

Inafaa familia zijue kwamba elimu ya kupima ngozi hiyo ya maji ilipata msukumo mkubwa kutoka jikoni. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 huko Venice, Italia, akakulia katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Wakati huo wanawake wa nchi yake hawakupokewa katika vyuo vikuu. Alikaa nyumbani akiwauguza wazazi wake na kuendesha kazi za nyumba. Akiwa bado kijana aliona jinsi maji ya kuoshea vyombo yanavyobadilika tabia yanapochanganyika na mafuta na sabuni, na badala ya kuyamwaga na kusahau, akaanza kuyapima.

Alitengeneza chombo cha bati chenye umbo la hori, akakijaza maji pomoni, na akaweka utepe wa bati uliokatiza uso wa maji kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kuusogeza utepe huo aliweza kuubana au kuupanua uso wa maji pamoja na uchafu uliokuwa juu yake. Kisha kwa mizani ndogo alipima nguvu inayohitajika kunyanyua kisahani kilichogusa uso huo. Kaka yake aliyesomea fizikia alimletea vitabu.

Mwezi wa Januari mwaka 1891 alimwandikia barua mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh, akimweleza aliyoyaona. Bwana huyo hakuidharau barua ya mwanamke asiyekuwa na shahada. Aliipeleka katika jarida la Nature, likaichapisha mwezi wa Machi mwaka huo huo. Chombo cha Pockels ndicho babu wa chombo alichokiboresha Mmarekani Irving Langmuir, ambaye alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka huo huo bibi Pockels, akiwa na umri wa miaka 70, alipewa shahada ya heshima na chuo cha ufundi cha Braunschweig. Alifariki mwaka 1935.

UKINGO UKIJAA

Tumesema kwamba molekuli za sabuni hukimbilia usoni mwa maji. Je, uso ukijaa zinakwenda wapi?

Tuwafikirie abiria wanaoingia katika feri ya Kigamboni. Wa kwanza hukimbilia ukingoni wapate upepo na kutazama bahari. Ukingo ukijaa, wanaofuata hawana budi kusimama katikati, na hapo huanza kujikusanya makundi makundi. Molekuli za sabuni hufanya vivyo hivyo. Uso ukishajaa, zinazobaki majini hujikusanya katika vifurushi vya mviringo, mikia imeelekezwa ndani ili isiguse maji, na vichwa vimeelekezwa nje. Kifurushi kimoja huitwa miseli. Mwanasayansi James William McBain, aliyekuwa akifanya kazi Bristol, Uingereza, ndiye aliyetoa wazo la makundi hayo mwaka 1913, ili kueleza tabia za maji ya sabuni ambazo hazikupatana na kanuni za kawaida.

Kila kemikali ya sabuni ina kiwango chake ambacho miseli huanza kuonekana. Tutakiita kiwango cha miseli. Chini ya kiwango hicho molekuli huishi majini moja moja. Juu ya kiwango hicho, kila unachoongeza hujiunga na makundi, na idadi ya zile zinazotembea peke yake haiongezeki kwa kiasi cha maana.

Mfano mzuri ni sodiamu dodesili salfeti, kwa kifupi SDS, kemikali iliyomo katika dawa nyingi za meno na shampuu. Katika maji safi yenye joto la nyuzi 25, miseli zake huanza kwenye gramu 2.3 hivi katika lita moja, na kila miseli huwa na molekuli zipatazo 60. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni kama gramu 46. Lakini ukiendelea kuitia kemikali hiyo hadi gramu 100 katika lita moja, bado maji yatakuwa maangavu, na mtu yeyote atakayetazama atasema yote imeyeyuka.

Hapo ndipo penye mtego. Gramu 2.3 au gramu 100? Majibu yote mawili yana hoja, lakini hayasemi jambo lile lile.

CHUPA TATU ZA MAABARA

Kwa kemikali za kawaida njia ya kupima umumunyifu, yaani kiasi cha kitu kinachoweza kuyeyuka katika maji, imewekwa wazi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lenye makao yake Paris, lilitoa mwongozo wake namba 105 mwaka 1981 na kuurekebisha mwaka 1995. Mwongozo huo una njia mbili. Kwa vitu visivyoyeyuka ila kidogo sana, chini ya miligramu 10 katika lita moja, maji hupitishwa polepole katika bomba lililojazwa punje zilizopakwa kemikali inayopimwa, mpaka maji yatokayo yawe na kiasi kisichobadilika. Kwa vitu vinavyoyeyuka zaidi ya hapo hutumiwa njia ya chupa.

Njia ya chupa yafanana na kazi ya mpishi makini. Kwanza hufanywa jaribio la kukadiria. Kisha kemikali, kiasi cha mara tano hivi ya kile kinachodhaniwa kwamba chaweza kuyeyuka, hutiwa katika kila chupa kati ya chupa tatu za maji zenye vizibo. Chupa hutikiswa zikiwa na joto la nyuzi 30. Baada ya siku moja chupa ya kwanza hutolewa, ikaachwa itulie kwa saa 24 katika joto la kipimo, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 20. Ya pili hutolewa baada ya siku mbili na ya tatu baada ya siku tatu, nazo hutulizwa vivyo hivyo. Maji huzungushwa katika mashine ya kasi ili kisichoyeyuka kijitenge, na yale maangavu hupimwa yana kemikali kiasi gani. Majibu ya chupa mbili za mwisho yakitofautiana kwa si zaidi ya asilimia 15, kipimo hukubaliwa.

Ni njia ya haki na ya subira. Kwa chumvi, kwa dawa nyingi, hata kwa sumu za wadudu, yafanya kazi vizuri. Lakini mlete sabuni katika chupa hizo, na utaona vituko.

Kwanza, povu. Ukitikisa chupa, sehemu ya kemikali hupanda ikakaa katika povu na kung'ang'ania kuta za kioo, nayo haimo tena katika maji unayopima. Pili, kemikali nyingi za jamii hii hazina mpaka kati ya kilichoyeyuka na kisichoyeyuka. Ukizidisha, maji hugeuka uji, au rojorojo kama uwanga uliopikwa, au wingu jeupe kama tui la nazi lisilojitenga. Tatu, na hili ndilo kubwa, miseli ni ndogo mno hata mashine ya kuzungusha haizitenganishi. Maji yatakayoonekana maangavu yatakuwa yamejaa vifurushi, na mpimaji ataandika gramu 100 mahali ambapo zilizoyeyuka moja moja hazifiki gramu 3.

KONA YA MCHORO

Wataalamu walipotambua mtego huo, hawakuitupa chupa peke yake; walibadilisha swali. Badala ya kuuliza ni kiasi gani chaweza kutiwa majini pasipo macho kuona, waliuliza: ni kwenye kiasi gani molekuli huacha kutembea peke yake? Katika tathmini za kemikali barani Ulaya, chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, kiwango cha miseli huweza kuchukuliwa kuwa ndicho kikomo cha umumunyifu wa kemikali za sabuni.

Kipimo chenyewe kinamrudisha msomaji kwenye hori la bibi Pockels. Mpimaji hutayarisha mfululizo wa vyombo, cha kwanza kikiwa na kemikali kidogo sana, na kila kinachofuata kikiwa na zaidi. Katika kila kimoja huchovya bamba jembamba la platini, au pete, lililoning'inizwa kwenye mizani nyepesi, na kupima jinsi uso wa maji unavyolivuta. Maji safi huvuta kwa nguvu ya milinewtoni 72 hivi kwa kila meta. Kemikali ikiongezwa, nguvu hiyo hushuka, ikashuka tena, mpaka kwa SDS inakaribia 40. Kisha ghafla hukoma kushuka. Ukichora majibu hayo kwenye karatasi utapata mstari unaoteremka kama kilima, na baadaye mstari uliolala kama uwanja. Pale mistari hiyo inapokutana, kwenye kona, ndipo kilipo kiwango cha miseli.

Kona hiyo ina faida nyingine. Kemikali ikiwa na takataka ndani yake, mara nyingi mstari hushuka chini kuliko inavyostahili kisha hupanda tena kidogo, na kufanya kishimo. Kwa SDS, kishimo hicho ni ushahidi wa alkoholi iliyosalia humo. Kipimo hiki basi humfichua hata muuzaji asiyeleta bidhaa safi.

Hata hivyo mpimaji mwaminifu haandiki tarakimu peke yake. Huandika amepima nini, kwa njia gani, katika maji gani, na katika joto gani. Bidhaa nyingi za viwandani si kemikali moja bali ni mchanganyiko wa ndugu wenye mikia mirefu na mifupi. Wenye mikia mirefu huanza miseli mapema, wenye mifupi huchelewa. Kuipa familia nzima ya namna hiyo tarakimu moja bila maelezo ni kama kutaja umri wa nyumba nzima kwa kutaja umri wa baba.

JOTO NA CHUMVI

Kuna mambo mawili yanayotuhusu hasa sisi tuishio karibu na Ikweta na pwani.

La kwanza ni joto. Mkemia Mjerumani Friedrich Krafft aligundua katika miaka ya 1890 kwamba sabuni huwa na joto lake la mabadiliko. Chini ya joto hilo hubaki kama punje ngumu na huyeyuka kidogo tu. Likipita hapo, umumunyifu wake hupanda kwa ghafla, kwa sababu ndipo miseli zinapoweza kuundwa. Kwa kemikali moja ya jamii hii ijulikanayo kwa kifupi CTAB, joto hilo ni karibu nyuzi 25. Sasa fikiri: kipimo cha kawaida hufanywa katika nyuzi 20, joto la wastani kwa nchi za baridi. Maji ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa aghalabu huwa na joto kuliko hilo. Kemikali inayoonekana kuwa nzito na mvivu katika maabara ya Ulaya yaweza kuwa nyepesi na mwenda mbio katika mto wa pwani yetu. Tarakimu si ya uongo. Ila imepimwa mahali pengine.

La pili ni chumvi. Ukitia gramu 6 hivi za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji, kiwango cha miseli cha SDS hushuka hadi karibu sehemu moja ya tano ya kile cha maji safi. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika lita moja. Hivyo kemikali ile ile ina tabia moja mtoni, nyingine mlangoni mwa mto, na nyingine baharini. Hata mama anayefua kwa maji ya kisima chenye chumvi anajua kwamba sabuni ya mche hukataa povu na huacha utando mweupe ukingoni mwa karai. Hapo ni madini ya chokaa yaliyomo majini yameikamata sabuni na kuifanya isiyeyuke.

NI NANI ANAYEHITAJI TARAKIMU HII?

Yawezekana msomaji akauliza: haya yote yanamfaa nani? Yanamfaa kwanza samaki, na baada ya samaki, alaye samaki.

Kemikali mpya hupimwa sumu yake kwa samaki, kwa mwani, na kwa mdudu mdogo wa majini aitwaye Daphnia. Ili jaribio liwe na maana, ni lazima ijulikane wanyama hao wamekutana na kemikali kiasi gani hasa. Sehemu iliyonata kwenye kuta za chombo, iliyopanda juu na povu, au iliyokusanyika katika uji uliozama, haikumfikia samaki kwa namna ile iliyokusudiwa. Mpimaji akiandika kiasi alichotia badala ya kiasi kilichokuwemo majini, samaki akisalia hai atasema kemikali ni salama, kumbe samaki hakuionja. Au samaki atakufa kwa kuzibwa na uji, na sumu ikasingiziwa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa OECD uliotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2019 unaziweka kemikali za sabuni katika kundi la vitu vigumu kupimwa, na kusisitiza kwamba kiasi kilichomo majini kipimwe chenyewe, kisikadiriwe.

Tena sumu yenyewe huanza mapema. Kemikali itumiwayo sana katika sabuni za unga duniani, iitwayo kwa kifupi LAS, huua nusu ya samaki wa aina nyingi zilizopimwa kwa muda wa siku nne ikiwa kati ya miligramu 1 na 10 hivi katika lita moja. Hushambulia matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Kiasi hicho ni kidogo mno kuliko kiwango cha miseli. Maji hayo hayana povu la kutisha wala rangi. Kwa macho ni maji safi. Molekuli zinazomdhuru samaki ni zile zinazotembea moja moja, ambazo mtu hazioni.

KUYEYUKA SI KUTOWEKA

Dunia ililipa ada kujifunza somo hili. Baada ya vita vya pili vya dunia, sabuni za unga za viwandani zilienea upesi Ulaya na Marekani. Kemikali yake kuu wakati huo ilikuwa na mkia wenye matawi. Iliyeyuka vizuri, ilifua vizuri, na kila mtu aliridhika. Lakini bakteria wa mitoni hawakuweza kuutafuna mkia wenye matawi kwa wepesi. Katika miaka ya 1950 mapovu yalifunika mito na mitambo ya kusafishia maji machafu, na katika sehemu fulani za Marekani hata maji ya bomba yalitoka na povu. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1961, na masharti yake yakaanza kutekelezwa mwaka 1964. Viwanda vya Marekani vilibadilisha kemikali mwaka 1965. Mahali pa mkia wenye matawi pakawekwa mkia ulionyooka, ambao bakteria huula, na hiyo ndiyo LAS tuliyoitaja.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi. Kemikali iitwayo PFOS ilitumika kwa miaka mingi katika mapovu ya kuzimia moto na katika kukinga mazulia na nguo zisilowe. Wataalamu wana desturi ya kutabiri kama kemikali itajilimbikiza katika mwili kwa kuitikisa pamoja na maji na kimiminika cha mfano wa mafuta, kisha kupima imeingia upande upi. PFOS, kwa kuwa ni ya jamii ya sabuni, haikuchagua upande. Ilifanya tabaka la tatu katikati, na kipimo kikashindikana. Ilikuja kufahamika kwamba haijifichi katika mafuta ya mwili kama ilivyozoeleka kwa sumu nyingine, bali hujishikiza kwenye protini za damu na ini, ikakaa mwilini mwa binadamu kwa miaka kadhaa. Kampuni ya 3M ilitangaza mwaka 2000 kwamba itaacha kuitengeneza, na mwaka 2009 kemikali hiyo iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu sugu.

Katika visa vyote viwili maji yalipokea kemikali bila kulalamika. Macho yalisema imeyeyuka, basi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

KARAI LETU NA MTO WETU

Nyumbani hatuna mizani ya platini. Lakini tunayo busara, na tunaweza kuitumia.

Kwanza, tupime sabuni kwa kijiko au kizibo, si kwa kukisia. Wingi wa povu si kipimo cha usafi. Uso wa maji ukishajaa, ngozi yake hailegei zaidi hata ukimimina kopo zima. Vifurushi vya miseli ndivyo vinavyobeba grisi, navyo huhitajika, lakini vikishatosha kwa uchafu uliopo, kinachozidi huosha mfuko tu, kisha huelekea mtaroni.

Pili, maji ya kufulia na mabaki ya sabuni za kusafishia sakafu au mashine yasimwagwe karibu na kisima, wala katika kijito wanamocheza watoto. Wenye gereji na wenye kazi za kuosha magari wana wajibu huo mara mbili.

Tatu, tusome karatasi zinazobandikwa kwenye makopo. Alama ya samaki aliyekufa kando ya mti mkavu ina maana kwamba vilivyomo ndani ni hatari kwa viumbe wa majini. Haikuwekwa pale kwa urembo. Nyuma yake kuna chupa zilizotikiswa, bamba lililochovywa, na mtu aliyekataa kuandika tarakimu mpaka ajue amehesabu nini.

Maabara zetu nazo, na vijana wetu wanaosomea kemia, wana kazi inayowangoja: kuuliza, kila tarakimu inapoletwa kutoka nje, imepimwa katika maji gani na katika joto gani, na pale inapobidi, kupima upya katika maji yetu wenyewe. Kazi hiyo haina makelele wala sifa nyingi. Lakini ifanywe kabla ya kemikali kufika mtoni, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki, na kilichoyeyuka ndani yake hakizoleki vilevile.